Fungua kasha kwanza: kwa kijana anayeingia kiwanda cha magari

Ukipata nafasi ya mafunzo katika kiwanda cha kuunganisha magari, iwe Mombasa, Nairobi au Thika, usikimbilie mwisho wa mstari, kule gari huwashwa na watu wakapiga picha. Nenda uani kwenye makontena, uombe kusimama na wale wanaofungua makasha ya vipande vya magari kutoka ng'ambo. Mimi nilianzia huko kwa kuwa hakukuwa na nafasi kwingine, nikanung'unika mwezi mzima. Sasa nimestaafu, na mengi ninayoyajua kuhusu kuporomoka kwa kazi hii nilianza kuyaona pale, mtaimbo mkononi.

Kasha ni la mbao. Unang'oa misumari, unafunua karatasi inayonuka mafuta, na ndani milango ya pikapu imelala mmoja juu ya mwingine, katikati umetiwa ubao mwembamba isikwaruzane. Chini kabisa kuna mifuko midogo ya nailoni yenye nati na bolti zilizohesabiwa. Hakuna ya ziada. Siku moja bolti ya bawaba ilinidondoka, ikabingirika chini ya rafu. Tuliitafuta watu watatu, kwa magoti, karibu saa mbili, na mstari umesimama. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vifaa lililouza bolti za kipimo kile kwa bei ya maandazi mawili. Nikamwambia nyapara niruke nikanunue. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Hiyo si ya kasha," akasema.

Hakukosea. Bolti ya bawaba ina ugumu wake, na mwenye chapa hataki jina lake likae juu ya chuma asichokijua. Lakini jibu lile nilikaa nalo miaka mingi. Tulijiita watengenezaji wa magari, na bolti ilikuwa bado haijaruhusiwa kuwa yetu.

Historia yenyewe ni fupi, na heri muijue, maana wajomba zenu watawauliza mnafanya nini huko. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilipata viwanda vitatu: Leyland Kenya mjini Thika, iliyoanzishwa 1974 na kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers kuanzia 1989, General Motors Kenya jijini Nairobi, 1975, na Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Serikali ilikuwa na hisa katika vyote. Shabaha ilikuwa gari zima libanwe bandarini kwa leseni na ushuru, vipande viingie kwa nafuu, kisha polepole vipande vyenyewe vianze kutengenezwa humu nchini. Ndizo zama za Land Rover za Thika na Peugeot 504 zilizoshindiliwa abiria mpaka mlango ukafungwa kwa nyonga.

Hatua ya kwanza haikwenda vibaya. Betri, vioo, springi za malori, rangi, viti, vyote vikapata mafundi wa hapa. Fundo lilikuwa mahali ambapo sikupaona mpaka nilipohamishiwa stoo nikaanza kushika karatasi za bei. Ukimwambia muuzaji wa ng'ambo, "Betri usiniwekee, ninayo," atakupunguzia bei ya kasha. Atapunguza kiasi gani? Anachoamua yeye. Tuseme betri ya hapa inakugharimu 100, naye amekata 60. Basi kila kipande unachojitengenezea kinaongeza bei ya gari, na wewe mwenye kutetea betri ya nyumbani unaonekana kwa mhasibu kama mtu anayekula hasara kwa kijiko. Mtafuteni mtu wa manunuzi awaeleze punguzo hilo linavyokokotolewa. Akisita, mnunulieni chai.

Na kwa nini vya kwetu vilikuwa ghali? Idadi, vijana. Kalibu ya kukandamiza bati la mlango inagharimu pesa zile zile ukitoa milango elfu moja au laki tatu. Sisi soko letu lilikuwa dogo, limegawanywa na viwanda vitatu, na kila kiwanda kina chapa zake kadhaa. Asubuhi pikapu, mchana lori, kesho kutwa kitu kingine kabisa, na fremu za kushikilia bodi zinasukumwa huku na huko kama viti vya harusi. Kwa hiyo mkipewa nafasi ya kumuuliza meneja swali moja, muulizeni aina hii hutoka ngapi kwa mwezi. Msimuulize kiwanda kina uwezo wa kutoa ngapi. Uwezo tulikuwa nao siku zote, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa imelala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 leseni za kuagiza zikalegezwa, na magari ya mtumba yakaanza kushuka Mombasa, usukani kulia kama tunavyotumia, mengi kutoka Japan na mengine yakipitia Dubai. Hata baada ya sheria kuweka kikomo cha umri kuwa miaka 8, ushindani haukuwa wa haki wala wa dhuluma, ulikuwa hesabu tu. Ushuru wa mtumba hukokotolewa baada ya thamani kukatwa kwa umri, kwa hiyo gari la miaka saba, lenye kiyoyozi na viti visivyo na doa, lilikuwa nafuu kwa mbali kuliko jipya letu lisilo na hata redio. Niseme ukweli: gari langu la kwanza lilikuwa mtumba. Nililiegesha nyuma ya kiwanda, kwenye mtaro, kwa aibu. Baada ya miezi michache nikakuta la mhasibu liko ubavuni mwake.

Wengine watawaambia tuliuawa na mtumba. Mimi naona mtumba ulikuta tumeshaishiwa pumzi. Tena msiwadharau watu wake. Ujuzi ulipotoka viwandani ulikwenda kukaa kwenye magereji ya Nairobi, Grogan na Barabara ya Kirinyaga, na huko kuna vijana wanaosikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni wakakuambia ni silinda ipi.

Kuna na ile Nyayo Pioneer, ambayo wazee hupenda kuicheka. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Yalipatikana matano ya mfano, yakazinduliwa 1990, na pesa za kuyatoa kwa wingi hazikupatikana. Mimi siwacheki. Hao walau walijaribu kutengeneza chuma chenyewe, jambo ambalo sisi wa makasha hatukuwahi kuthubutu.

Sasa kuhusu nyinyi wenyewe. Miaka tisa nilifunga milango. Nilikuwa nauning'iniza mlango wa pikapu ukakaa sawa, bila kupima mara mbili, kwa dakika nne. Niliomba kuhamishwa nikajifunze waya za umeme, nikaambiwa nisiharibu kasi ya mstari, nikanyamaza kwa sababu ovataimu ilikuwa nzuri. Kosa langu ni kule kunyamaza. Tulipopunguzwa kazi, nilikwenda kwenye gereji ya jamaa yangu, na mteja wa kwanza akaleta saluni isiyowaka. Nilizunguka boneti kama kuku aliyekosa kiota. Kijana wa miaka kumi na saba, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo, akachomoa waya mmoja, akaukwangua kwa wembe, gari likawaka. Mteja akaniuliza nilikuwa nafanya kazi wapi zamani. Nikamwambia kiwanda cha magari. Akadhani natania.

Ombeni kuzungushwa. Mkinyimwa, nendeni wakati wa chakula cha mchana mkamshikie mtu wa umeme tochi, maana waya na rangi ndivyo vitakavyowalisha nje ya geti.

Na kama mnaweza kuchagua, chagueni upande wa malori na mabasi. Huko ndiko kazi ilikobaki. Isuzu waliponunua hisa za General Motors katika kile kiwanda cha Nairobi mwaka 2017, asilimia 57.7, walikuwa wananunua zaidi biashara ya lori na pikapu. Chesisi ya basi ikitoka kiwandani huenda kwa wajenzi wa bodi wa humu humu, na hapo bomba linapindwa, bati linakatwa, kiti kinashonwa na mtu unayemjua jina. Mabasi ya umeme ya BasiGo nayo yanaunganishwa Thika. Ukienda huko, fanya kama nilivyokuambia: tazama kwenye kasha kuna nini kabla ya kumsikiliza anayekata utepe. Tepe nimeziona nyingi. Volkswagen Polo Vivo ilizinduliwa Thika Desemba 2016 kwa shangwe kubwa, na bado barabara zetu zimejaa mtumba. Mobius, kampuni ya magari ya hapa Kenya walioanza 2010, walitangaza kufunga Agosti 2024, kisha wakapata mnunuzi.

Mbao za makasha ziliuzwa kwa wafanyakazi kila Jumamosi. Nusu ya mabanda ya kuku mtaani kwetu yalijengwa nazo, langu likiwa na mshale wa kuonyesha upande wa juu, niliougongomea ukielekea chini. Seremala mmoja alikuwa haachi kuja getini na mkokoteni wake. Mwaka mmoja akapotea. Nilimkuta sokoni akiuza vigoda, nikamuuliza mbona hatumwoni.

"Nije nifanye nini?" akasema. "Huko kwenu hakuna mbao."

Nilicheka, nikanunua kigoda. Barua yangu ya kupunguzwa ilikuja miezi minne baadaye, siku ya Ijumaa, ndani ya bahasha ya mshahara.