Damu imelingana, dawa za nini tena?

Swali: Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kiume, miaka 19, alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa seli shina, zile zinazozaa damu, za dada yetu huko India. Tuliambiwa wamelingana kabisa. Amerudi Wete na anakunywa siklosporini asubuhi na jioni. Mikono inamtetemeka na nywele zimemuota usoni. Ikiwa wamelingana, dawa za kushusha kinga za nini? Tumpunguzie? Na Ramadhani inakaribia, anataka kufunga.

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na la haraka: msimpunguzie hata kidonge kimoja kabla ya kusema na daktari aliyempandikiza.

Kulingana mlikoambiwa ni kwa vitambulisho vya kinga viitwavyo HLA. Mtoto huchukua seti moja kwa baba na moja kwa mama, ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huwa na nafasi moja kati ya nne ya kuoana sawasawa. Nje ya HLA kuna vinasaba vingine chungu nzima, na hivyo hulingana vyote kwa pacha wa kufanana tu. Kwenu liko na jengine: dada kampa kaka. Chembe za kinga zilizotokana na seli za dada hazijapata kuishi na protini zitokanazo na kromosomu Y, ambayo wanaume ndio wanayo, basi zinaweza kuziona ngeni, hasa akiwa alishabeba mimba. Zikiamka hushambulia ngozi, ini na utumbo wa mdogo wako. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita GVHD.

Kuuzuia kulianza huko huko spitali. Utaratibu uliozoeleka tangu miaka ya 1980 ni siklosporini (au takrolimasi, dawa ya aina hiyo iliyokuja baadaye), pamoja na sindano chache za methotreksati, nayo ya kushusha kinga, siku ya 1, 3, 6 na mara nyingi 11 baada ya kupandikizwa. Vituo vingine sasa hutoa dawa nyengine, siklofosfamidi, siku ya 3 na ya 4. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa 2025, kwa waliopewa seli na ndugu zao, ulionesha kwamba baada ya miaka 3 asilimia 49 ya waliopata siklofosfamidi na siklosporini walikuwa hai bila saratani kurudi wala GVHD nzito. Kwa methotreksati na siklosporini walikuwa asilimia 14. Tofauti hiyo ni kubwa mno, nami naamini utaratibu wa zamani utaachwa.

Siklosporini yenyewe daktari ataipunguza pole pole, kwa makusudi, kwa sababu chembe hizo hizo za dada ndizo zinazosaka mabaki ya saratani. Akizinyamazisha sana, saratani hupata nafasi; akiziachia mapema, huanza kumla mwenyeji wao. Mizani hiyo haipimwi kwa macho ya nyumbani. Nywele na kutetemeka vinajulikana kwa dawa hii, ila kutetemeka huweza pia kuwa dalili kwamba imezidi mwilini. Apimwe kiwango cha dawa, figo na presha.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ya kupima asinywe dozi ya asubuhi: aiweke mkobani, atolewe damu, ndipo ameze. Nilimhudumia kijana aliyemeza alfajiri kabla ya kupanda boti Mkoani. Kipimo kikatoka juu kuliko ukweli, dozi ikashushwa, na baada ya wiki mbili GVHD imeamka: viganja vyake vilikuwa vyekundu kama vilivyomwagiwa maji ya moto.

Kidonge kibaki ndani ya karatasi yake hadi saa ya kumeza. Ile harufu kali si ya kuharibika. Balungi aliache kabisa, maana huipandisha dawa. Erithromaisini (ya bakteria) na flukonazoli (ya fangasi) nazo huipandisha, rifampisini (ya kifua kikuu) huishusha, na diklofenaki, ile ya maumivu ya dukani, huumiza figo. Jua kali alikwepe, huweza kuamsha upele wa GVHD.

Kuhusu kufunga, mtu atasema dozi zikae daku na futari. Saa zinakaribia kuoana, lakini siklosporini hubana mishipa ya damu ya figo, na kushinda bila maji kwenye joto letu ni kuzionea figo hizo. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, naye ni mgonjwa.

Akihitaji kuongezwa damu, waambieni mapema kwamba amepandikizwa: yake lazima iwe imepigwa mionzi, hata ikitoka kwa jamaa. Mkiona upele viganjani, nyayoni au masikioni, kuharisha maji, au macho kuwa manjano, pigeni simu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.