Wadogo zangu mnaoanza ushauri wa watoto

Wiki hii nimepitia faili nne zenu. Zote nne zina maneno yale yale: "Mteja ni mkaidi, anaendelea na vikao." Anaendelea kuelekea wapi? Mnaniuliza kama ushauri nasaha unamsaidia mtoto mwenye tabia ngumu. Unasaidia. Lakini ukimfungia kwenye chumba cha ushauri saa moja kwa wiki, halafu akarudi kwa watu wale wale wanaomjibu vile vile, mnachoshana tu.

1. Anza na mzazi. Mtafiti Gerald Patterson na wenzake kule Oregon, Marekani, walieleza jinsi mzazi na mtoto wanavyofundishana: mtoto anapiga kelele, mzazi anachoka na kuiacha amri yake, wote wanapata nafuu ya dakika moja, kesho wanarudia kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya afya, unapendekeza mafunzo kwa wazazi wa watoto wa miaka 3 hadi 11.

2. Uliza nini kilitangulia. Hapa nivumilieni.

Nikiwa na mwaka mmoja kazini nililetewa mvulana wa miaka 9. Darasani alipindua madawati na kutukana. Kwangu alikuwa mpole ajabu: alichora, alisimulia, alipanga penseli zangu kwa urefu. Nikaamini tumejenga ukaribu, nikamwongezea vikao. Mwalimu akizidiwa alimleta hata siku isiyo yake, nami nikampokea kwa moyo mweupe. Miezi minne ikapita. Vurugu zikaongezeka, nami nikaandika kwenye faili kwamba darasa halimwelewi.

Siku moja, huku anachonga penseli, akaniuliza bila kuinua macho: "Kesho tunasoma kwa sauti. Nitakuja kwako?"

Alipoondoka nilichukua daftari la vikao nikaliweka kando ya ratiba ya darasa. Karibu kila alipoletwa kilikuwa kipindi cha kusoma. Mtoto hajui kusoma! Zamu yake ikikaribia anapindua dawati, anatolewa, anapata chumba kitulivu na mtu mzima wa kumsikiliza. Zawadi ya kupindua dawati nilikuwa mimi. Na vipindi alivyovihitaji kuliko wenzake wote, mimi ndiye niliyemkosesha. Niliandika rufaa apimwe usomaji. Kabla haijajibiwa alimrushia mwalimu kiti, akafukuzwa. Sikumwona tena. Kwenye faili yake, kwa mwandiko wangu, bado imeandikwa "mkaidi".

3. Mtoto kukupenda si kipimo cha kazi yako. Mtafiti Joan McCord alifuatilia wavulana 506 wa mradi wa kuzuia uhalifu ulioanza Massachusetts, Marekani, mwaka 1939. Nusu yao walipewa washauri waliowatembelea kwa miaka. Matokeo aliyochapisha mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliosaidiwa hawakuwashinda wenzao, na katika mambo kadhaa hali yao ilikuwa mbaya zaidi, ingawa wengi wao walisema mradi uliwafaa. Mimi pia yule mvulana angenisifu. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza hesabu tabia inayolalamikiwa: hutokea mara ngapi kwa wiki, saa ngapi, na nani yuko karibu. Baada ya wiki sita hesabu tena.

4. Msiwakusanye vijana watukutu kundi moja mkaliita tiba. Hufundishana, na husifiana kwa kila kituko.

5. Mzazi akianza kupuuza kelele, huenda kelele zikazidi kwanza ndipo zipungue. Mwambie mapema, la sivyo siku ya tatu atakata tamaa na kurudia ya zamani. Mpigie simu siku hiyo ya tatu. Usingoje akupigie yeye.

Na faili ya yule binti anayetoroka darasani kila Jumanne, niletee kesho asubuhi pamoja na ratiba ya darasa lake. Tutaisoma wote wawili.