Mbona hadithi yako ya picha imetupwa raundi ya kwanza

Tangu matokeo ya shindano la picha nililokuwa jaji wake yatangazwe simu yangu haijatulia. Wengi wanapongeza, wachache wamenuna, na kijana mmoja ameniandikia ujumbe ambao nimeusoma tena na tena: "Shikamoo dada. Picha yangu ya tatu ilishatoka ukurasa wa kwanza wa gazeti. Inakuwaje hadithi nzima inatupwa raundi ya kwanza?"

Marahaba, mdogo wangu. Hadithi yako siijui ni ipi, kwa sababu majina yalifichwa, sisi majaji tuliona namba tu. Lakini jibu limo ndani ya swali lako mwenyewe. Unaniuliza habari ya picha moja, na meza niliyokaa mimi haikuwa ya picha moja moja. Hizo zina kundi lake na majaji wake. Sisi tulipewa hadithi, yaani picha kadhaa zinazosimulia jambo moja, na hadithi hupimwa kwa picha yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Raundi ya kwanza haina huruma. Picha zinapita ukutani moja baada ya nyingine, hadithi nzima inakwisha hujamaliza hata kukaa vizuri kwenye kiti, na mkono unatakiwa juu au chini. Hakuna mjadala. Inayopita ni ile ambayo picha ya kwanza inanifikisha mahali, ya pili inanikutanisha na mtu, ya tatu inanisogeza karibu naye mpaka namjali. Inayoanguka ni ile yenye mtu yuleyule, mwanga uleule, umbali uleule, mara tano, kama matofali yaliyopangwa juani. Picha mbili zikifanya kazi moja, toa moja. Hata kama unaipenda. Hata kama uliamka saa kumi alfajiri kuitafuta.

Nayasema haya nikiwa na kidonda changu. Zamani, nikiishi Mwanza, nilifuatilia kwa msimu mzima kina mama wanaoanika dagaa, mchana nikiwa nao ufukweni na pale sokoni Mwaloni Kirumba, usiku nikiomba nafasi kwenye mitumbwi ya wavuvi. Anayelijua Ziwa Victoria anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani. Taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikishawaka sawasawa taa inakosa nguvu, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo hadithi yangu iliufuata mwezi. Ilianza na ziwa lililojaa taa, ikaja kwenye vichanja vilivyofunikwa dagaa, mvua ikashuka ghafla na mama mmoja akawa anakusanya mbio huku kanga imemfunguka, kisha zikaja siku za mbalamwezi: vichanja vitupu, na mama yuleyule amesimama mbele ya duka akisomewa deni lake.

Niliituma kwenye shindano kubwa la wakati ule. Haikufika popote. Baadaye mtu aliyekuwamo ukumbini alinidokeza ilivyoangushwa. Jaji mmoja alisema nusu ya pili haina tukio, vichanja vitupu vinatuambia nini? Wenzake wakanyamaza. Maelezo ya picha nilikuwa nimeyaandika kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba mwezi umejaa na hakuna anayekwenda ziwani, lakini hakuna aliyeyasoma. Hadithi ile ilistahili. Nilisema hivyo mwaka ule na leo nasema vilevile.

Ndiyo maana nilipoitwa kuwa jaji nilitoa sharti moja: kuanzia raundi ya pili, maelezo yasomwe kwa sauti kabla mtu hajainua mkono. Walikubali, na najivunia hilo kuliko tuzo zangu zote. Hadithi iliyoshika nafasi ya kwanza mwaka huu isingefika bila sharti lile. Inamhusu mama anayeuza chakula kwenye stesheni ndogo ya reli ya zamani, baada ya abiria wengi kuhamia treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024. Ni picha nane. Treni haionekani mpaka picha ya saba, na hata hiyo ni ya mizigo, inapita bila kusimama. Mwenzangu mmoja aliiita hadithi kavu. Tukasomewa maelezo: idadi ya sahani alizokuwa akiuza zamani na anazouza sasa, na jina la mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule. Ukumbi ulibadilika. Nilibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa, na tukashinda.

Basi sikia. Jaji hakijui kijiji chako. Hajui mwezi wako, wala bei ya sahani ya wali stesheni kwenu. Yeye ana picha na maneno uliyompa, basi. Andika ni nani, wapi, lini, na jambo gani ambalo jicho peke yake haliwezi kulikamata.

Na usijaze. World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari lililoanza Uholanzi mwaka 1955, kwa sasa linataka hadithi ya picha 4 hadi 10. Mwaka 2024 tuzo ya hadithi bora ya mwaka ilikwenda kwa Lee-Ann Olwage wa Afrika Kusini, aliyepiga picha Madagaska za mzee wa miaka 91 mwenye ugonjwa wa kusahau na binti yake anayemtunza. Hakuna bunduki wala moshi. Ni familia inayojiandaa kwenda kanisani. Tazama pia kazi ya mpiga picha W. Eugene Smith iliyochapwa na jarida la Life mwaka 1948, kuhusu daktari wa mji mdogo wa Kremmling, Colorado. Inafunguka kwa daktari akikatiza uwanja wenye majani na mkoba wake chini ya mawingu mazito, inafungwa akiwa ameegemea jikoni na kikombe mkononi, amechoka kabisa. Kati ya hizo mbili kila picha ina kazi yake. Ukiiondoa moja, unaona pengo.

Sasa niseme neno gumu. Mwaka huu tuliomba faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera, za waliofika fainali, na hadithi moja niliyoipenda ikatoka hapohapo. Nguzo ya umeme ilikuwa imefutwa. Nguzo tu! Msilie kwamba tumeonea. Mwaka 2010 World Press Photo ilimwondoa mpiga picha Stepan Rudik kwa sababu ya ncha ya mguu aliyoifuta nyuma ya mkono wa mtu. Mwaka 2015 ilimnyang'anya mpiga picha Giovanni Troilo tuzo ya hadithi kuhusu Charleroi, Ubelgiji, ilipobainika kwamba picha moja ilipigwa Molenbeek, Brussels, si Charleroi. Picha moja iliangusha zote kumi. Sisi tunabeba sura za watu ambao hawatakuwapo ukumbini kujitetea. Mama wa stesheni hajui hata kwamba yuko ukutani. Ukimwongezea chozi au ukimpunguzia nguzo, umemsemea uongo, na hakuna mwanga mzuri utakaokusafisha. Vijana, tuacheni tamaa ya kung'arisha. Picha ikiwa na waya, iache na waya wake.

Wewe uliyeniandikia, na wengine mtakaotaka kuniandikia: siwezi kuwaangalizia kazi zenu kabla ya msimu ujao, kwa kuwa huenda nikaitwa tena mezani na nikaitambua kazi. Tafuta mhariri wa picha, au fundi cherehani, au shangazi yako, mradi awe mtu ambaye hakuwapo ulipopiga. Zichape picha hata kwa karatasi ya kawaida, zitandaze mkekani, usimwambie kitu. Aeleze yeye kinachoendelea. Akikwama kwenye picha, andika maelezo upya. Akiiruka bila kuiona, itoe. Ile ya ukurasa wa kwanza nayo iweke mkekani pamoja na nyingine.