Mashine ya nyasi ya mtumba haiwaki

Kaka, kama mashine uliyonunua hapo Ujiji ilikaa stoo mwaka mzima, anza na mafuta. Mwaga petroli yote ya zamani. Ikilala muda mrefu huacha gundi inayoziba jeti (tundu dogo la kupitisha mafuta) ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Weka mpya, bana mpini wa usalama (usipoubana cheche haitoki), vuta kamba mara tano, kisha chomoa plagi ya cheche uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: fungua bakuli la kabureta, zibua jeti kwa uzi mmoja mwembamba wa waya wa umeme. Msumari hapana, utatanua tundu na injini itakunywa mafuta ovyo. Ikiwa imelowa, ikaushe, isugue, mwanya kati ya ncha zake uwe kama milimita 0.7. Chujio la hewa likague pia.