Kabla hujapeleka karatasi yako kulaminetiwa, soma hapa

Wadau, mi nina stesheneri Mwanza na kilichonifanya niijue vizuri hii plastiki ya laminesheni ni risiti ya friji. Mama mmoja alikuja nimlaminetie maana waranti yake ilikuwa inategemea hiyo risiti, nikaipitisha kwenye mashine kama kawaida, ikatoka nyeusi tii. Zile risiti za EFD, yaani za mashine za kodi za dukani, hazina wino, maandishi yanatokezwa na joto, sasa ukiipa joto karatasi nzima inageuka nyeusi yote. Niliumia sana, ikabidi nimsindikize mpaka alikonunua tukaombe nakala. Risiti toa fotokopi, hiyo fotokopi ndo ulamineti.

Toka siku hiyo nikawa nafuatilia. Kumbe ile plastiki ya laminesheni ina tabaka mbili, nje plastiki ya poliesta ndani gundi, mashine inafika nyuzi kama 100 hadi 130 gundi inayeyuka lakini poliesta inatulia tu, yenyewe mpaka kwenye 250 huko. Kiwandani inavutwa urefu na upana ndo maana nyembamba vile lakini kuichana kwa mkono ni shughuli. Hiyo hiyo ndo utepe wa kaseti za zamani, ndo filamu ya eksrei, na fundi anayesuka mota ya pampu anaiweka kati ya waya na chuma umeme usivuje. Wanaoprinti tisheti kwa DTF, ile ya kuhamisha picha toka kwenye filamu kwa joto, ndo kazi yao kabisa, picha inakaa juu ya filamu ya poliesta inapigwa joto la 150 na kitu, nailoni ya kawaida ya mifuko hapo ingeshajikunja zamani.

Ukinunua angalia mikroni, yaani unene wa plastiki. 80 inatosha menyu au tangazo la ukutani, kitambulisho cha kuvaa shingoni chukua 125. Ingiza upande uliofungwa kwanza, la sivyo inaweza kuzunguka rola ikakwama humo. Na ukikata acha ukingo wa milimita 3 hivi, watu wengi wanakata mpaka kwenye karatasi halafu mvua ya kwanza tu maji yanaingia wanasema plastiki feki.

Ila cheti cha kuzaliwa orijino jamani msilamineti, gundi ikishashika huitoi bila kuchana karatasi, na siku kikitakiwa kugongwa mhuri nyuma utagongwa kwenye plastiki. Vya wanangu nimevitia kwenye mifuko ya plastiki ya faili, vinatoka na kurudi bila shida.