Upepo na Maji: Nilichojifunza Foshan, Nilichokosea Kigamboni

Mwezi wa tano, mwaka wa kwanza wa kuhamia kwenye nyumba yangu Kigamboni, niliamshwa usiku wa manane na mlango wa mbele. Upepo wa kusi ulikuwa unautikisa kama mtu anayetaka kuuvunja, na maji ya mvua yalikuwa yanapenya chini yake kuingia sebuleni. Nilipowasha taa, zulia lilikuwa limeloa nusu nzima. Nikakesha na tambara na ndoo huku roho inaniuma, maana mlango ule niliutaka mwenyewe utazame kusini. Fundi aliniambia tangu siku ya kupima msingi, "Dada, upande huu kusi itakusumbua." Nikamjibu kwamba nyumba nzuri hutazama kusini, nimeishi China na nimeona kwa macho yangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu naulizwa sana na watu wanaojenga habari za feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga nyumba na vilivyomo. Wengine wanataka kujua waweke wapi kitanda, wengine wameshauziwa sanamu ya chura wa rangi ya dhahabu mwenye sarafu mdomoni. Nina mapenzi ya kweli na elimu hii na imenifaa, ila nyumba yangu ilinifundisha namna ya kuitumia, na nisingependa mwingine akeshe na tambara.

Foshan iko jirani na Guangzhou. Nilikaa kule miaka minne nikisimamia mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani, kwani Foshan ndiko vigae vingi vya China vinakotoka, na soko la samani la Lecong limejipanga kando ya barabara kwa kilomita kadhaa. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa kama miaka sabini. Wajukuu zake walimwita Popo, yaani bibi kwa Kikantoni, nami nikamwita hivyohivyo.

Siku ya kwanza alileta funguo, akaingia, akakitazama kitanda changu akaguna. Nilikuwa nimekiweka katikati ya chumba, miguu imeelekea mlangoni moja kwa moja. Popo alishika upande mmoja, akanionyesha kwa kidevu nishike wa pili. Tukakisukuma mpaka upande wa kichwa ukagusa ukuta usio na dirisha, kwenye pembe ambayo ukilala unauona mlango lakini mlango haukukabili. Kisha akachukua shuka akafunika kioo cha kabati kilichokuwa kinatazama kitandani. Kichina changu wakati ule kilikuwa cha sokoni tu, cha kuhesabu na kupatana bei, kwa hiyo aliongea na simu yake na simu ikanitafsiria: anayetolewa chumbani miguu mbele ni maiti.

Hilo la kitanda nalifuata hadi leo, na ndilo ninalomwambia mtu kwanza kwa sababu halina gharama. Weka sababu ya maiti pembeni kama haikuingii. Mtu aliyelala anapenda kuwa na kitu kigumu nyuma ya kichwa, na anapenda kumwona anayeingia kabla hajamfikia. Jaribu usiku mmoja uone. Kioo nacho: ukiamka gizani ukaona kitu kinasogea mbele yako, moyo unaruka kabla akili haijakumbuka kuwa ni wewe.

Neno lenyewe lina sehemu mbili, feng ni upepo na shui ni maji. Kuna kitabu cha kale cha maziko kinachohusishwa na Guo Pu, msomi aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, na humo imeelezwa kwamba qi, ile pumzi ya uhai, hutawanywa na upepo na husimama inapokutana na maji. Ndiyo maana mahali pema kwao ni pale ambapo upepo umetulizwa na maji hayako mbali: mlima nyuma ya nyumba, vilima kulia na kushoto, uwanja wazi mbele. Popo alinionyesha kwa kukaa kwenye kiti chenye egemeo na sehemu za kuwekea mikono. Akagonga egemeo, mlima. Akagonga mkono wa kushoto na wa kulia. Halafu akanyoosha miguu mbele akatabasamu.

Sasa kosa langu. Nyumba za jadi za Beijing zenye ua katikati, jengo kuu hukaa kaskazini mwa ua na kutazama kusini. Mimi nikalibeba hilo kama lilivyo mpaka Kigamboni: mlango na madirisha makubwa kusini, ukuta mtupu kaskazini uwe ndio mlima wangu. Sikujiuliza kwa nini Wachina walichagua kusini. Kwao, wakati wa baridi, upepo mkali hutoka kaskazini, na jua la miezi hiyo hukaa chini upande wa kusini. Nyumba inayoupa mgongo upande wa kaskazini inajikinga na baridi na kuota jua. Sheria ilizaliwa na hali ya hewa ya pale, mengine yakaongezwa juu yake baadaye.

Kwetu pwani mambo ni mengine kabisa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto la kutokwa jasho umekaa tu. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, huanza pamoja na masika na kuendelea hadi Septemba. Kwa hiyo ukuta wangu mtupu wa kaskazini ulinifungia upepo pale pale nilipouhitaji kuliko wakati wowote, na mlango wangu wa kusini uliikaribisha mvua ya masika ndani. Kufuata feng shui kwa kukariri kulinipa nyumba ambayo Popo mwenyewe angeikataa.

Jua nalo liangalie hivyohivyo. Dar ipo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki upande wa kusini, na mara zote liko juu sana kiasi kwamba kivuli cha paa kinatosha kulizuia. Kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi, hasa magharibi, jua la alasiri linapopiga na tofali likakaa na joto mpaka usiku. Usiweke chumba cha kulala magharibi kama una pa kukiweka pengine. Weka stoo, weka bafu, weka ngazi.

Mdogo wangu alipopata kiwanja Mkuranga nilimwomba asichore ramani kwanza. Tulichana leso ya zamani vipande vinne, tukavifunga juu ya fito nne kwenye pembe za kiwanja. Tulikwenda Januari siku tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni, tukaandika kwenye daftari kila kitambaa kinaelekea wapi. Tukarudi Juni tukafanya vilevile. Kitambaa cha pembe ya mashariki kilikuwa kinazungukazunguka badala ya kunyooka, na tulipotazama vizuri tukaona ni mwembe mkubwa wa jirani unaoukata upepo. Hapo ndipo tulipoamua sebule isogee upande wa pili. Huo kwangu ndio moyo wa feng shui, na ulitugharimu leso moja na nauli.

Maji yanataka subira zaidi. Wachina wanapenda maji yanayopita mbele ya nyumba kwa upole, yakizunguka kama mkono uliokumbatia, na wanayaogopa yanayokuja kwa kasi yakiilenga nyumba. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Kiwanja kikaguliwe masika. Dalali atakupeleka Agosti, ardhi kavu, nyasi zimekatwa, kila kitu kinapendeza. Wewe mwambie utarudi Aprili. Ukishindwa kusubiri, tazama kuta za majirani karibu na ardhi. Mstari wa tope wa rangi ya kahawia kwenye plasta, wenye kimo kilekile nyumba tatu mfululizo, ni maji yameandika hapo. Waulize akina mama wanaokaa karibu, wao ndio wanaotoa vitu nje mafuriko yanapoingia.

Kuna mzee mmoja, fundi, alikuja kusimamisha msingi wa mdogo wangu. Kabla hajagusa kamba aliuliza, "Kibla kiko wapi hapa?" Alitaka kujua ili choo kisielekee kibla wala kisikipe mgongo. Kwa Dar na pwani yote ya jirani kibla kiko karibu kaskazini kamili, kwa sababu Makka na sisi tumepishana kidogo sana kwenye longitudo. Nilimwangalia yule mzee nikamkumbuka mtaalamu aliyekuja kwa Popo na dira yao ya luopan, sahani ya mbao iliyoandikwa duara ndani ya duara, akasimama mlangoni kimya muda mrefu kabla hajasema neno. Wote wawili walikataa kujenga bila kujua upande. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kupanga nyumba kwa pande za dunia ni mambo ya kigeni, mwulize choo chake kiliwekwaje.

Kuhusu choo pia, Popo alikuwa mkali: mlango wa choo usitazame meza ya chakula wala mlango mkubwa, eti riziki inatoka. Mimi naitazama ramani inayouzwa sana mtandaoni, ile ya vyumba vitatu, choo cha wote kikifunguka mbele ya meza ya kulia, nasema Popo alikuwa na haki hata bila hiyo habari ya riziki. Mgeni akinyanyuka anatazamwa na meza nzima. Kihamishe, au angalau ugeuze mlango ufunguke koridoni.

Mlango wangu wa kusini sikuweza kuuhamisha, fedha ilikuwa imekwisha. Nilichofanya nilikichukua kutoka sehemu mbili. Nyumba za Beijing nilizozitaja, ukiingia getini unakutana na ukuta mfupi unaosimama peke yake, unaokata macho ya mpita njia na kuulazimisha upepo uzunguke. Na nyumba za mawe za Lamu, ukitoka kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, unakata kona kabla ya kufika uani, ndani hapaonekani kutoka mtaani. Nikajenga baraza mbele ya mlango, nikaezeka, na upande wa kusini nikasimamisha ukuta wa kimo cha mtu: chini tofali zima, juu tofali za matundu. Mvua ya kusi inaugonga ukuta ule, hewa inapita juu. Masika mawili sasa, zulia kavu.

Kuna jambo moja sikukubaliana na Popo. Alitaka mlango wa mbele na wa nyuma visitazamane, qi isiingie na kutoka kama treni. Kwenye baridi naelewa. Kwenye nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi, upepo kuingia mbele na kutokea nyuma ndiyo raha yenyewe. Na ajabu ni kwamba jibu lilikuwa mlangoni kwake. Nyumba za zamani za Guangzhou na vitongoji vyake zina mlango unaoitwa tanglong, fremu yenye fito nene za mbao za mviringo zilizolazwa kama ngazi, unaoburutwa kwenda pembeni. Nyuma yake kuna mlango mzito wa mbao. Mchana mlango mzito unaachwa wazi, tanglong inafungwa. Mwizi haingii, upepo unaingia. Fito zake huwa namba witiri. Nilimpelekea seremala picha, akanichongea wa mninga, fito kumi na tatu, nyuma nikaweka wavu wa mbu. Kati ya vyote nilivyovifanya kwenye nyumba ile, huo ndio ninaoupenda zaidi.

Mengine nimeyaacha. Namba nne, ambayo kwao hutamkwa karibu sawa na neno la kifo, kwangu haina neno. Vioo vya pembe nane vya kutundika mlangoni sikuviweka, na chura sikumnunua. Dini yangu hainiruhusu kutegemea sanamu, na Popo aliposikia hivyo alitikisa kichwa kukubali, hakunisukuma. Ila kiwanja kilicho mwisho wa barabara iliyonyooka, barabara inayokulenga mlangoni, hapo wasikilize Wachina. Kule Guangdong husimamisha jiwe lililochongwa maneno ya kukinga nyumba ya namna hiyo. Mimi nafikiria taa za magari zikiingia chumbani usiku kucha, vumbi, na lori lililokatika breki. Kama umeshanunua, panda ua mnene na uusogeze mlango pembeni.

Ukuta wa kaskazini bado. Januari iliyopita nililala na feni usiku kucha, nikasikia kaskazi inavuma nje kwenye minazi, ndani pazia halitikisiki. Jumamosi hii fundi, yuleyule aliyenionya, anakuja kuuvunja. Dirisha la futi tano kwa nne chumbani kwangu, lingine kama hilo jikoni, lenta ya zege juu ya yote mawili. Kitanda nitakihamishia ukuta wa kusini, kichwa kwenye tofali zima, mlango uonekane.