Wasomaji Wauliza: Kuingia Izakaya Kongwe

SWALI: Nitakuwa Tokyo kikazi na natamani kuingia izakaya ya zamani, zile baa zenye taa nyekundu ya karatasi mlangoni. Niko peke yangu na Kijapani sijui. Nifanyeje nisiwe kero?

JIBU: Kuwa peke yako ni bahati. Izakaya nyingi za zamani ni finyu. Kundi la watu sita huenda likarudishwa mlangoni, lakini mtu mmoja hubanwa kwenye kaunta. Iwe Kagiya ya mtaa wa Negishi, iliyoanza 1856 kama duka la pombe, au Mimasuya ya mtaa wa Kanda, ya 1905, fika mara tu wanapofungua. Tazama noren, pazia fupi la kitambaa: likining'inia nje, wanauza, likiwa limeingizwa ndani, wamefunga.

Inua kidole kimoja, sema "hitori desu" (niko peke yangu), usubiri kuonyeshwa kiti. Wageni wengi hukosea hapa kwa kujikalia, kumbe pale pana mwenyewe wa kila jioni. Ukipelekwa kwenye mikeka ya tatami, vua viatu kabla ya kupanda (na soksi ziwe nzima).

Utapewa taulo yenye unyevu: ni ya mikono. Kisha agiza kinywaji; chakula utakiwaza baadaye. Sake, pombe ya mchele, huuzwa kwa kipimo cha go, yaani mililita 180, na unaweza kuitaka ya baridi au ya moto. Nurukan ni ya nyuzi joto 40 hivi, atsukan ni 50. Mimi ningechagua nurukan, kwa kuwa joto kali huficha ladha.

Menyu mara nyingi ni vipande vya karatasi ukutani, vimeandikwa kwa mkono, na programu ya simu ya kutafsiri huchanganyikiwa na mwandiko huo. Uliza "osusume wa?", wakutajie kizuri cha siku. Anza na sahani mbili tu: sashimi (vipande vya samaki mbichi) au tofu baridi (ya maziwa ya soya yaliyogandishwa), ambazo huja upesi, na kitu cha kuchoma, ambacho huchelewa. Ukiagiza vyote kwa mkupuo, kaunta hujaa na samaki wa kuchoma hupoa ukiwa bado na sashimi. Wali huja mwisho.

SWALI: Kwenye bili nilikuta yen 400 za kibakuli nisichoagiza. Niliibiwa?

JIBU: Hapana. Hiyo ni otoshi, kitoweo kidogo kinacholetwa pamoja na kinywaji cha kwanza. Kwa kweli unalipia kiti, aghalabu yen 300 hadi 500 kwa kila mtu, ule usile. Kuibishia wakati wa kulipa ni kujiaibisha bure; kama kuna chakula kinachokudhuru, sema unapokaa. Bahashishi haitolewi: ukiacha sarafu mezani, watakukimbilia nazo barabarani. Beba noti, maana baa nyingi za zamani hazipokei kadi.

SWALI: Mimi sinywi pombe kabisa. Nitakaribishwa?

JIBU: Ndiyo, mradi uagize kinywaji. Omba uroncha, chai ya oolong, na ukimaliza uongeze. Kukaa saa mbili na glasi moja ni kuzuia kiti cha watu. Tatizo liko jikoni zaidi. Vitoweo vya kuchemsha hutiwa sake na mirin, pombe tamu ya kupikia, na sosi ya soya nayo inaweza kuwa na pombe. Kama unaikwepa hata kwenye chakula, agiza shioyaki, samaki wa kuchoma kwa chumvi, na uulize kama hawakumpaka sake kabla ya kumweka motoni.